Shukrani Isiyoishia Wodini

Mzazi ambaye mtoto wake amefanyiwa upasuaji wa kichwa kikubwa kwa fedha za wafadhili hujikuta katika hali ambayo wazazi wa wagonjwa wengi hawaijui, kwani hulazimika kushukuru na kuendelea kuomba kwa wakati mmoja. Mtoto aliyeondolewa kidole tumbo hupona akaenda zake, na familia yake ikatoa asante mara moja mambo yakaisha. Lakini mtoto aliyewekewa mrija wa kuondoa maji kichwani huishi na mrija huo kwa miaka mingi, pengine maisha yake yote, na siku utakapoziba, jambo ambalo si la ajabu hata kidogo, atarudi kwa watu walewale waliompokea mwanzo. Ndiyo maana shukrani kwa msaada wa namna hii haiwezi kuwa tendo la siku moja, na wala haiwezi kupimwa kwa maneno yanayosemwa mlangoni mwa hospitali siku ya kuruhusiwa. Katika Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya huduma hii kwa watoto ilianzishwa au kugharamiwa na mashirika ya hisani, inafaa kueleza ugonjwa wenyewe ni nini, msaada huo ulitoka wapi, na familia zinazoupokea huurudishaje.

Kitaalamu ugonjwa huu huitwa haidrosefali, ingawa wazazi na wauguzi wengi husema tu kichwa kikubwa. Ndani ya ubongo wa kila binadamu mna vyumba vinne vidogo vinavyowasiliana kwa vijia vyembamba, na humo hutengenezwa majimaji maangavu ambayo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, yakiukinga na mishtuko na kuuondolea taka. Mtu mzima hutengeneza takriban nusu lita ya majimaji hayo kwa siku, ilhali kiasi kinachokuwamo mwilini kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, maana yake yanatengenezwa na kunyonywa na damu bila kukoma, yakijibadilisha mara kadhaa kati ya asubuhi moja na nyingine. Kijia kikiziba, au mahali pa kunyonya pakiharibika, utengenezaji hausimami kusubiri. Maji hujaa, vyumba hutanuka, na ubongo hubanwa dhidi ya fuvu. Kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga bado haijaungana, kichwa chenyewe hupanuka, utosi huvimba na kukaza, mishipa ya kichwani huonekana waziwazi, na macho huelekea chini hata sehemu nyeupe ikaonekana juu ya mboni. Mtoto huwa mlegevu, hutapika, hunyonya kwa shida, na asipotibiwa mapema hupoteza uwezo wa kuona, wa kutembea na wa kujifunza, au hupoteza maisha.

Kipimo cha kwanza cha ugonjwa huu hakihitaji mashine yoyote. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa na mzunguko wa kama sentimita 35, na katika miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kwa takriban sentimita mbili kila mwezi. Kinachotakiwa ni utepe wa kupimia, kadi ya kliniki, na mtu anayejua kwamba kichwa kinachokua haraka kuliko mwili hakisubiri ahadi ya mwezi ujao. Hata hivyo watoto wengi hufikishwa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu wakiwa wamechelewa, wengine baada ya kupitia kwa waganga, wengine baada ya mama kuambiwa mara kadhaa kwamba mtoto amerithi tu kichwa cha ukoo. Makadirio ya wataalamu ni kwamba kusini mwa Jangwa la Sahara watoto kati ya 100,000 na 200,000 hupata haidrosefali kila mwaka, idadi ambayo madaktari wa fani hii waliopo hawaitoshi.

Baadhi ya watoto huzaliwa na tatizo hili kwa sababu kijia kinachounganisha chumba cha tatu na cha nne hakikufunguka vizuri. Wengine huzaliwa na mgongo wazi, yaani kasoro ambayo pingili za uti wa mgongo hushindwa kufunga katika wiki nne za mwanzo za mimba, na wengi wa watoto hao hupata pia maji kichwani. Wapo waliozaliwa njiti wakavuja damu ndani ya ubongo. Lakini utafiti uliofanywa Mbale, mashariki mwa Uganda, na daktari Mmarekani Benjamin Warf na kuchapishwa mwaka 2005, ulionesha kwamba miongoni mwa watoto 300 waliochunguzwa huko, takriban asilimia 60 walikuwa wamepata ugonjwa baada ya maambukizi, mengi yakiwa ya mwezi wa kwanza wa maisha. Mtoto alizaliwa mzima, akapata homa kali na degedege, akanusurika, na wiki chache baadaye kichwa kikaanza kukua. Mwaka 2020 watafiti waliofuatilia jambo hilo walitangaza kwamba katika sampuli za majimaji ya ubongo za watoto wa Uganda wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao hapo awali hawakufikiriwa kuwa chanzo kikuu cha ugonjwa huu.

Matokeo hayo yana uzito wa kibinadamu unaozidi ule wa maabara. Mama wa mtoto mwenye kichwa kikubwa huhesabiwa makosa mengi: kwamba alivunja mwiko, kwamba amerogwa, kwamba ukoo wake una mkosi, na si mara chache baba huondoka nyumbani na kumwachia mzigo wote. Kuthibitisha kwamba chanzo ni homa ya kitoto iliyopenya hadi kwenye ubongo, au, kwa mgongo wazi, upungufu wa kirutubisho katika wiki ambazo mama mwenyewe hakujua kuwa ana mimba, ni kumwondolea mama hatia ambayo haikuwa yake. Kati ya misaada yote inayotajwa katika makala haya, huu ndio unaosahaulika haraka, kwa sababu hauwezi kupigwa picha.

Tiba iliyozoeleka ni shanti, yaani mrija laini unaoingizwa katika chumba cha ubongo, ukapitishwa chini ya ngozi ya kichwa, shingo na kifua hadi tumboni, ambako maji ya ziada hunyonywa na mwili. Katikati ya mrija huwekwa vali, kilango kidogo kinachofunguka shinikizo linapopanda na kujifunga linaposhuka, ili maji yasitoke yote wala yasirudi nyuma. Kifaa hicho kimetokana kwa kiasi kikubwa na mapenzi ya wazazi. Mwaka 1956 fundi mitambo wa Pennsylvania, John Holter, ambaye mwanawe alizaliwa na mgongo wazi na haidrosefali, alitengeneza vali ya silikoni akishirikiana na daktari Eugene Spitz, kwa sababu vali zilizokuwapo zilikuwa zikiziba kila mara. Mtoto wake hakuishi miaka mingi, lakini vali hiyo ilisambaa duniani. Miaka michache baadaye, Desemba 1960, kigari cha Theo, mtoto wa miezi minne wa mwandishi Roald Dahl, kiligongwa na teksi jijini New York, na mrija aliowekewa baada ya kuumia ukawa unaziba tena na tena. Dahl alimwendea Stanley Wade, fundi aliyetengeneza pampu ndogo za ndege za kuchezea, na daktari Kenneth Till wa London, wakabuni vali mpya iliyoanza kutumika mwaka 1962. Theo mwenyewe alikuwa amekwisha kupata nafuu na hakuihitaji. Watatu hao walikubaliana kutochukua faida yoyote, na vali yao ikatumika kwa watoto wanaokaribia 3,000.

Ipo hoja katika visa hivyo viwili ambayo haifai kupitwa. Wazazi hao hawakumlipa aliyewasaidia, maana mmoja hakupata aliyemponyesha mtoto wake na mtoto wa mwingine alipata nafuu kabla ya kifaa cha baba yake kukamilika. Walichokifanya ni kuelekeza upande wa watoto wasiowajua nguvu yote ambayo huzuni au nafuu ilikuwa imewaachia. Njia hiyohiyo ilifuatwa na Mbelgiji Pierre Mertens, ambaye binti yake Liesje alizaliwa na mgongo wazi na akafariki akiwa bado mtoto. Baba huyo alikuja kuliongoza kwa miaka mingi Shirikisho la Kimataifa la Mgongo Wazi na Haidrosefali, lililoundwa mwaka 1979, na akaanzisha shirika la Child-Help linalofanya kazi katika nchi kadhaa zikiwamo za Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya shanti zilizowekwa katika vichwa vya watoto wa eneo hili zilifika kwa mkono wa shirikisho hilo, likisaidiwa na vyama vya wazazi vya Norway na Sweden. Kwa maneno mengine, mama wa kijijini aliyepokea shanti bila kulipa aliipata, bila kujua, kutoka kwa wazazi wenzake wenye watoto kama wake.

Shanti iliyotumika sana ni ile ya Chhabra, inayotengenezwa India. Warf aliilinganisha na shanti ya bei kubwa ya Marekani kwa watoto 195 nchini Uganda, na baada ya mwaka mmoja hakuona tofauti ya maana kati ya zile mbili, ingawa moja iligharimu kama dola 35 na nyingine kama dola 650. Ugunduzi huo uliziwezesha hospitali za hisani kuwahudumia watoto wengi kwa fedha zilezile, na unastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba cha bei nafuu ni cha kumpa maskini tu.

Hata hivyo bei nafuu haikuondoa tatizo la msingi, yaani shanti huharibika. Takriban theluthi moja, na mara nyingine zaidi, hushindwa katika mwaka wa kwanza, kwa kuziba, kukatika au kuingia vijidudu, na kwa mtoto anayeishi safari ya siku nzima kutoka hospitali shanti iliyoziba usiku inaweza kuwa kifo. Kwa sababu hiyo Warf, aliyehamia Mbale na familia yake mwaka 2000 ili kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya shirika la Kikristo la CURE, alianza kuwatibu watoto bila shanti pale ilipowezekana. Kwa kutumia endoskopu, yaani kamera nyembamba yenye vifaa vya upasuaji, alitoboa tundu dogo katika sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia nyingine, kisha akachoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Mbinu hiyo ilianzia katika mji mdogo wa Uganda ikaenda Marekani, ambako mwaka 2012 ilimpatia tuzo ya MacArthur. Na mwaka 2017 jaribio lililofanyika Mbale kwa watoto 100 lilionesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, maendeleo ya akili ya waliotibiwa kwa endoskopu hayakutofautiana na ya waliowekewa shanti. Elimu hiyo ilipatikana kwa sababu mama wa Uganda walikubali watoto wao wafuatiliwe, wakarudi kliniki mara kwa mara ili vipimo vichukuliwe. Watoto wa Boston wanaopasuliwa leo bila mrija wanadaiwa shukrani na wanawake hao, na ni haki jambo hilo lisemwe waziwazi, kwa kuwa hisani husimuliwa karibu kila mara kama kitu kinachotiririka kuelekea upande mmoja tu.

Nchini Tanzania kazi hii imebebwa hasa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Katikati ya muongo wa 2010 taasisi ya GSM Foundation iligharamia kambi ambazo madaktari wa MOI walizifanya mikoani, wakiwafuata watoto ambao wazazi wao wasingeweza kufika Dar es Salaam. Zanzibar, shirika la NED la Hispania lilijenga kitengo cha upasuaji wa ubongo katika hospitali ya Mnazi Mmoja, na nchini Kenya shirika la BethanyKids limekuwa likiwahudumia watoto hawa Kijabe. Kuzitaja taasisi hizi ni wajibu, lakini yeyote anayezijua wodi zenyewe anafahamu kwamba orodha ya wafadhili huwa imeanza muda mrefu kabla ya jina la shirika lolote. Nauli ya kwanza hutoka kwenye kikoba cha wanawake au kwenye mchango wa msikiti na kanisa. Jirani hubaki na watoto waliosalia nyumbani. Dereva husamehe nusu ya nauli. Na mama aliyelala kitanda cha pili, ambaye mtoto wake amekwisha kupasuliwa, humfundisha mgeni jinsi ya kumlaza mtoto upande usio na kidonda. Misaada hiyo haina bango wala taarifa ya mwaka, na bila hiyo chumba cha upasuaji kingekaa kikimsubiri mtoto asiyefika.

Mafundisho ya Uislamu yanaunganisha kumshukuru Mungu na kuwashukuru watu, na katika makanisa ibada za shukrani hutengewa siku yake, kwa hiyo katika jamii hizi hakuna anayehitaji kufundishwa kutoa asante. Tatizo huja pale shukrani inapogeuzwa kuwa malipo. Mzazi anapoombwa aruhusu picha ya mtoto wake, kichwa kikiwa kimevimba na mwili uchi, ichapishwe ili wachangiaji waguswe, si rahisi akatae, maana anajua aliyeomba ndiye anayeshika ufunguo wa dawa. Mzazi huyohuyo akiuliza kwa nini mtoto wake ameahirishwa mara mbili, au kwa nini kidonda kimeingia usaha, huenda akajibiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo ina mahali pake, lakini haina kazi wodini. Mtu aliyesaidiwa hajauza haki yake ya kuuliza, na mtoto ambaye alipasuliwa akiwa na miezi mitatu hakuomba chochote kwa mtu yeyote. Kumlea akikumbushwa kila siku kwamba yu hai kwa hisani ya watu ni kumtwika deni ambalo hakulikopa. Shirika linalojiheshimu hupokea malalamiko ya wazazi kama sehemu ya tiba, kwa kuwa mama anayeogopa kuonekana hana shukrani ndiye atakayekaa kimya dalili za shanti iliyoziba zinapoanza.

Dalili hizo ni chache na zinaweza kufundishwa kwa dakika kumi: kutapika kusiko na kuharisha, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa kwa mtoto anayeweza kusema, utosi unaojaa tena, macho yanayorudi kuangalia chini, homa, na wekundu kando ya njia ya mrija. Mzazi anayezijua, akatunza kadi ya hospitali, akarudi kliniki tarehe iliyopangwa hata kama mtoto anacheza vizuri, amekwisha kutoa shukrani kubwa kuliko kuku na mayai ambayo familia nyingi za vijijini huwapelekea madaktari kwa moyo safi. Kwa watoto wenye mgongo wazi kazi huwa kubwa zaidi, kwa kuwa wengi hawana uwezo wa kukojoa kwa hiari, na mzazi hufundishwa kutoa mkojo kwa mrija safi mara kadhaa kila siku ili figo zisiharibike. Kazi hiyo hufanyika nyumbani, kimyakimya, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mfadhili anayeweza kuifanya badala ya mama.

Kutokana na kazi hiyo ndipo vilipozaliwa vyama vya wazazi, kama kile kinachojulikana Tanzania kwa kifupi cha ASBAHT. Wazazi ambao watoto wao wametibiwa huzungumza na wenzao kliniki, huwatembelea mama waliofichwa ndani na wakwe, na hueleza kwa lugha ya nyumbani kwamba huu ni ugonjwa na una tiba. Mtaalamu anaweza kusema maneno hayohayo na asiaminiwe, lakini mama mwenye mtoto aliyepasuliwa, anayetembea na kusoma, huwa ushahidi tosha. Tarehe 25 Oktoba, ambayo ni siku ya kimataifa ya mgongo wazi na haidrosefali, wazazi hao huitumia kudai mambo ambayo hisani peke yake haiwezi kuyatoa: bima inayogharamia shanti, madaktari bingwa mikoani, shule zenye njia ya kiti cha magurudumu na choo kinachofikika.

Dai lao jingine linahusu unga. Asidi ya foliki, aina ya vitamini B, ikipatikana mwilini mwa mama kabla ya mimba na katika wiki zake za mwanzo, huzuia sehemu kubwa ya visa vya mgongo wazi; utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionesha kwamba kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro hiyo, hatari ya kurudia ilipungua kwa asilimia 72. Kwa kuwa mfereji wa neva, yaani chanzo cha ubongo na uti wa mgongo, hufunga ifikapo siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, vidonge vinavyogawiwa kliniki mara nyingi huwa vimechelewa, na njia ya uhakika ni kuitia katika chakula cha kila siku. Tanzania iliweka kanuni za kurutubisha unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwaka 2012, lakini sembe na dona vinavyoliwa vijijini husagwa zaidi katika mashine ndogo za mitaani ambazo kanuni hizo hazijazifikia ipasavyo. Mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zirutubishe vyakula, na miongoni mwa waliolipigania walikuwamo madaktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto, watu ambao kazi yao ingepungua likitekelezwa.

Wakati huohuo, watoto wa mwanzo wa Mbale, Kijabe na Muhimbili wamekuwa watu wazima. Wengi wao bado wana shanti, na mashirika yaliyowahudumia yaliundwa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo kijana wa miaka 20 ambaye mrija wake umeziba hupelekwa katika wodi ya watu wazima ambako hana faili, hana muuguzi anayemfahamu, na hana mfadhili. Vyama vya wazazi vimeanza kuwapa vijana hao nafasi za uongozi, nao wanalotaka ni jambo la wazi kabisa: kwamba mtu aliyeanza kutibiwa kwa hisani akiwa mchanga aendelee kutibiwa kwa haki akiwa mtu mzima, katika hospitali ya serikali, kwa bima yake mwenyewe, bila kulazimika kueleza upya kila mara jinsi alivyonusurika.